Maziwa hayaoshi mapafu: tunayoambiana kuhusu moshi wa Kisumu

Ukishuka Obunga, mtaa wa hapa Kisumu, mchana, utakohoa kabla hujawaona kina mama wa mgongo wazi. Mgongo wazi ni mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa; huletwa huku, ikakaangwa kwenye makarai juu ya kuni, na anayegeuza ndiye anayepokea moshi wote usoni. Mimi huzunguka mitaa hii kama mhudumu wa afya ya jamii. Siku moja nilichuchumaa kando ya mama mmoja mwenye macho mekundu kama nyanya, mtoto kamfunga mgongoni. Karibu na kigoda chake palikuwa na pakiti ya maziwa. Nilidhani ni ya chai.

"Chai wapi, daktari," akacheka. (Mimi si daktari, lakini mtaani ukibeba begi lenye vidonge umeshapandishwa cheo.) "Hiyo ni dawa. Nikizima moto nakunywa, inashusha moshi wote tumboni."

Imani hii haiko Obunga peke yake. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanayo, wapiga rangi magari wanayo. Shida ni kwamba maziwa na moshi havipiti njia moja. Nyuma ya ulimi kuna njia mbili: umio unaokwenda tumboni na bomba la hewa linalokwenda mapafuni. Kila unapomeza, kifuniko kidogo hufunga hilo la hewa. Maziwa yakipita huko umepaliwa, hujatibiwa. Kinachowafanya watu waape kwa maziwa ni kwamba koo lililokauka hulainika, mtu akajihisi mzima, kesho akarudi motoni bila wasiwasi.

Mapafu yana ufagio wake. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma kamasi na vumbi lililonaswa kwenda juu, hadi uteme. Ndiyo yale makohozi meusi ya jioni ambayo watu huyafurahia: uchafu umetoka! Umetoka ule mkubwa. Chembe zinazosumbua zaidi ni zile zisizozidi maikromita 2.5 kwa upana, na unywele wa kichwani ni kama 70. Hizo huteremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa, ambako vinyweleo hivyo havipo, na baadhi ya zile ndogo kabisa huvuka zikaingia kwenye damu.

Nilipomgusia mtoto, mama akanijibu haraka: "Huyu amezoea." Pua huzoea, ni kweli, ukikaa na harufu kwa muda huisikii tena. Mapafu hayana mazoea hayo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, mtoto mchanga mara 30 hadi 60. Kwa hiyo yule wa mgongoni, akilinganishwa na uzito wake, alikuwa akila moshi mwingi kuliko mamake, kwenye njia za hewa nyembamba ambazo zikivimba kidogo tu, kifua kinaanza kupiga filimbi.

Lakini dhana ninayogombana nayo zaidi ni ya wanaume wa stendi: kwamba hewa chafu ni deni la uzeeni. "Hiyo huua polepole," ataniambia dereva wa tuktuk aliyekaa kutwa nzima Kondele nyuma ya mabomba ya moshi ya matatu. Madhara ya miaka yapo. Ya leo pia yapo. Ndani ya saa chache macho huwasha, koo hukereketa, kichwa huuma, kifua hubana. Kijana mwenye afya akiondoka hapo kwa kawaida hupata nafuu. Mwenye pumu anaweza kushikwa usiku uleule. Mwenye presha au moyo mbovu yuko pabaya zaidi, kwa sababu chembe zile huamsha uvimbe mwilini, mishipa ikabana, damu ikawa rahisi kuganda na mapigo yakayumba. Siku ya hewa mbaya, na siku chache zinazofuata, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupanda. Mzee akianguka siku hizo husemwa ni presha tu; hakuna anayeuliza jirani alikuwa akichoma nini.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa London. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulifungiwa juu ya jiji na hewa iliyokosa upepo. Siku tano tu. Makadirio ya kwanza yalikuwa vifo kama 4,000 zaidi ya kawaida, na watafiti wa baadaye walifikisha hadi 12,000. Wengi walikuwa wazee, watoto wachanga na wagonjwa wa kifua na moyo. Kisumu haichomi makaa ya mawe kiasi hicho, wala simtishi mtu kwa London. Nasema tu hawakungoja uzee. Hata Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha saa 24 kwa chembe hizo ndogo, na mwaka 2021 lilikishusha kutoka maikrogramu 25 hadi 15 kwa kila mita ya ujazo. Kama ubaya ungekuwa wa miaka tu, kipimo cha siku moja kingekuwa cha nini?

"Sisi tuna ziwa," huniambia wengine, kana kwamba tumewekewa feni. Upepo wa ziwa upo, ila haufuti moshi, huuhamisha. Mchana huvuma kutoka majini kuingia nchi kavu, usiku hugeuka. Na alfajiri, kabla haujaanza, hewa baridi hulala chini na ya vuguvugu ikaifunika kama sufuria. Moshi wa taka za jana jioni na majiko ya asubuhi hukaa humohumo. Wanaokimbia saa kumi na moja kando ya barabara kuu wakiamini hiyo ndiyo hewa safi kuliko zote wanajidanganya kidogo. Kimbia, lakini pita njia za ndani; ukijitenga na barabara mita mia chache, moshi wa magari hupungua sana.

Mvua? Hushusha vumbi, nakubali. Kisha watu huingiza jiko ndani, na hapo tunaangukia dhana inayoua kuliko zote: kwamba makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi, ni salama. Makaa hayo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nyumba nzima ikiamka na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, hiyo si malaria ya pamoja. Tokeni nje, jiko litoke pia, na aliyelegea apelekwe hospitali.

Kujifukiza kwa mwarobaini hakutoi moshi mapafuni. Mvuke hulegeza mafua, lakini huweza kumwamshia pumu mwenye nayo, na maji ya moto yameshachoma watoto wengi. Leso yenye maji huzuia vumbi la barabara, haizuii chembe ndogo. Barakoa ya N95 huzizuia, mradi imebana uso. Ukiwa na ndevu, hewa inapita pembeni.

La pampu ya kuvuta dawa ya pumu, kwamba mtu huizoea, nalijua kutoka nyumbani. Mtoto wa dada yangu ana pumu, na jirani yao huko mtaa wa Manyatta huchoma taka karibu kila magharibi, chupa na nepi pamoja. (Kuchoma taka tunakuita usafi. Anayekumbuka jaa la Kachok lilivyofuka pale karibu na uwanja wa Moi hahitaji maelezo yangu.) Kila alipobanwa, bibi yake alificha pampu: "Mkimpa hiyo ataizoea, itakuwa maisha." Nilimwambia, "Mama, anayekohoa usiku kucha ndiye anayezoea ugonjwa." Pampu ya bluu haileti uraibu. Inafungua njia za hewa ndani ya dakika chache, na baada ya saa chache kazi yake inaisha. Ikihitajika kila mara, maana yake pumu haijadhibitiwa, na daktari aongeze ile ya kuzuia. Kwa mtoto, tunatoboa kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, pampu ikae pale, avutie mdomoni mwa chupa polepole. Inafanya kazi vizuri. Ila akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka bluu, mpe pampu mkiwa njiani kwenda hospitali.

Bibi sasa ndiye mlinzi wa ile chupa. Haruhusu mtu aitupe wala ainywee maji.

Obunga nilirudi wiki iliyofuata. Mama alikuwa amehamisha kigoda upande upepo unakotoka, kuni zake kazianika juu ya bati zikauke, na mtoto alikuwa amelazwa kwa shangazi, mbali na makarai. Pakiti ya maziwa ilikuwa palepale. Akaona jicho langu.

"Hii sasa ni ya chai," akasema. "Keti, inachemka."