Kalamu ya kijani haitengenezi sidii

Naulizwa mara kwa mara kuhusu ile kalamu ya kijani ya kupaka ukingo wa sidii, eti fidla na ganuni zisikike safi zaidi. Usiinunue.

Ndani ya sidii mna namba tu: 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto na idadi hiyo hiyo kwa ya kulia, kila namba biti 16. Deki huzisoma kwa leza, huzikagua, na zilizoharibika huzirudisha kwa kutumia namba za ziada zilizoandikwa humo humo. Hata pengo la milimita 2.5 hivi kwenye mstari wa kuzunguka ambao namba zimeandikwa juu yake huzibwa kamili. Namba ikishasomwa sawa, wino hauwezi kuifanya iwe sawa zaidi. Na kile kifaa kinachouzwa eti cha "kuondoa sumaku" kwenye sidii kinaondoa nini? Sidii ni plastiki na alumini, na hizo hazishiki sumaku.

Jaribu mwenyewe. Nakili wimbo mmoja mara mbili kwenye kompyuta kabla ya kupaka chochote, kwa programu ya Exact Audio Copy, faili la WAV (sauti isiyobanwa), kisha linganisha MD5 za nakala hizo, yaani alama ya tarakimu na herufi 32 ambayo kompyuta huikokotoa kutoka kwenye faili. Zikitofautiana, sidii ni chafu au imechubuka, na jaribio halitakwambia kitu mpaka uisafishe. Zikilingana, paka wino, nakili tena kwa draivu ile ile. Tarakimu na herufi zote 32 zikiwa zile zile, basi muziki ni ule ule.

Kinachotuumiza hapa Unguja ni vumbi, chumvi na unyevu wa masika. Sidii moja ikiruka, tazama sidii. Zikiruka zote, tazama lenzi ya deki. Sidii ioshe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, uifute kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe mkono: mchubuko wa mviringo hufuata mstari na kula namba nyingi mfululizo, kuliko zinavyoweza kurudishwa. Wa kukata mstari hula chache kila mzunguko.

Watu hulinda upande unaong'aa, na upande wa maandishi wakaulaza juu ya meza yenye mchanga. Huo ndio dhaifu! Alumini iko chini yake, imefunikwa na vanishi nyembamba mno. Inua sidii uelekeze kwenye taa. Ukiona vitundu vya mwanga, namba za hapo zimekwenda. Nakili zilizobaki leo.