Urithi wa pamoja si mirathi

Juzi tena nimemsikia mtangazaji akisema michezo ya vinyago ya Bulgaria "imepewa hatimiliki na UNESCO", kwa hiyo majirani zao wanaiga tu. Mgeni wake akadakia: aa, huo ni urithi wa pamoja, hauna mwenyewe. Wamekosea wote wawili, kila mmoja kwa upande wake.

Maana yenyewe ni fupi. Urithi wa pamoja ni mila au ufundi ambao jamii zaidi ya moja zinautambua kuwa wao, bado zinaufanya, na zinawarithisha watoto. Basi.

Kinachotuponza ni neno. Urithi na mirathi ni ndugu, mama yao Kiarabu, na masikio yetu huwachanganya. Mirathi hugawanywa: kwa sheria ya Kiislamu, mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni yake (sehemu moja ya nane), binti nusu ya fungu la kaka yake, na shamba likienda kwa huyu limemtoka yule. Lakini tunasema pia mtoto karithi mwendo wa babu yake. Wajukuu saba wakiurithi mwendo huo, nani kapungukiwa hatua? Mila hurithiwa hivyo.

Hao Wabulgaria wenyewe ni mfano. Vijijini Pernik, usiku wa tarehe 13 Januari, mwaka mpya wa kalenda ya zamani, watu huvaa vinyago, wakawasha moto uwanjani, wakaruka na kuwatania watazamaji. Kundini kuna maharusi, kasisi, hata dubu, wote wa kuigiza. Asubuhi kengele zinalia nyumba hadi nyumba: wanawaozesha vijana kwa mchezo, na wenyeji wamewawekea chakula. UNESCO iliwaingiza 2015 katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ila tangu 2009 walikwishaorodheshwa wapiga kengele wa Kastav, Kroatia, nao wana ngozi za kondoo na kengele kiunoni. Mwaka huohuo wakaingia busó wa Mohács, Hungaria, wenye vinyago vya mbao na makoti ya manyoya. Slovenia ikaja 2017 na wavaa vinyago wake waitwao kurenti. Hakuna aliyefutwa ili mwenzake aandikwe.

Busó ndio wanaonifurahisha zaidi. Mila hiyo ilikuwa ya Šokci, jamii ndogo ya Wakroatia wa Mohács. Leo ni nembo ya mji mzima, Wahungaria kwa Wakroatia. Mwenye nayo wa kwanza hakunyang'anywa.

Mkataba wa 2003 unaosimamia orodha hii unaruhusu hata nchi kadhaa kuingia kwa jina moja, kama Malawi, Msumbiji na Zambia na Gule Wamkulu yao, nayo ni ngoma ya vinyago.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, useme "imeorodheshwa", si "imepewa". Na mgeni wako mwambie wenyewe wapo, ila ni wengi.