Vibarua wa saa kumi na moja: Mathayo 20 ikisomwa Tanga

Katika mifano ya Yesu, hakuna unaozua ubishi darasani kwangu kama ule wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu, Mathayo 20:1–16. Nafundisha Agano Jipya hapa Tanga, na wanafunzi wangu wengi ni wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, watu waliousikia mfano huu tangu utoto. Hata hivyo tukifika mstari wa 12, karibu wote huwa upande wa wale wanaonung'unika. Naona ni vizuri. Asiyeuonja uchungu wa waliotangulia hajausikia mfano bado.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwenye shamba anatoka alfajiri, anapatana na vibarua dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Ni saa zilezile zetu, zinazohesabiwa tangu jua kuchomoza. Saa kumi na moja huku Ngamiani, hapa mjini Tanga, ndipo mafundi wanaosha miko na saidia fundi wanajikung'uta saruji, wakingoja hela yao ya siku. Aliyeitwa kazini saa hiyo amebakiwa na saa moja tu ya mwanga. Jioni wote wanapewa dinari moja moja.

Sisi wa Tanga tuna sababu yetu ya kuumia hapo. Mkoa huu uliinuliwa na mkonge. Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche ya kwanza mwaka 1893, ikasalimika 62 tu, na kutoka hapo mashamba yakaenea Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko. Watu wakaja kutoka mbali kuifanya kazi hiyo, wakaitwa manamba. Kila mtu alikuwa na kipimo chake: akate majani, ayafunge matita, mnyapara aje ahesabu. Aliyemaliza alitiwa alama kwenye kipande chake, yaani kadi yake ya kazi. Asiyemaliza, siku ile ilikwenda bure. Kipande kilikuwa cha siku 30, na mshahara ulisubiri kijae. Baadhi ya ninaowafundisha ni wajukuu wa watu hao. Waambie kuna tajiri aliyemlipa mtu wa saa moja sawasawa na aliyeshinda juani, hawakai kimya. "Kesho atampata nani alfajiri?" mama mmoja aliniuliza, na swali lake ni la haki kabisa.

Huwa naanzia kwenye ile jioni. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24:15, inaagiza kibarua apewe ujira wake siku iyo hiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea. Dinari ilikuwa ujira wa kawaida wa kutwa, yaani riziki ya nyumba yake. Sasa chukua dinari hiyo uigawe kwa saa 12, umpe mtu wa saa kumi na moja fungu lake moja. Atafika nyumbani na hela isiyonunua hata unga wa uji, na watoto wake wana njaa sawa na watoto wa aliyeanza alfajiri. Mwenye shamba ameitazama ile nyumba. Hakumlipa mtu saa, alimlipa siku.

Kuna maneno ambayo mahubiri mengi huyaruka. Mwenye shamba anawauliza wale wa saa kumi na moja kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi, nao wanajibu: "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Basi. Hawalaumiwi kwa uvivu, wala hakuna anayewasuta kwa kuchelewa. Kila nikisikia watu hawa wakihubiriwa kama mfano wa waliochezea maisha wakatubu uzeeni, nasikitika, maana maandiko hayasemi hivyo. Yanasema walikuwa pale, wakawa hawatakiwi. Anayejua namna vibarua wanavyochaguliwa asubuhi anajua nani huondoka kwanza: kijana mwenye kifua. Wanaobaki ni mzee, mtu aliyetoka kuugua, na mgeni asiyejulikana na mtu.

Na nani anawafuata? Mwenyewe. Ana msimamizi, lakini msimamizi hatajwi mpaka mstari wa 8, wakati wa kulipa. Kwenda sokoni mara tano, tangu alfajiri hadi jua linaelekea kuzama, amekwenda kwa miguu yake. Katika mashamba yetu ya mkonge kazi hiyo angeachiwa mnyapara. Mimi nikitaka kumweleza mtu Mungu wa Yesu yukoje, namtuma kwenye hizo safari tano kwanza, kabla ya ile dinari.

Kisha malipo yanaanzia wa mwisho. Wangelipwa kwanza wale wa alfajiri, wangechukua chao wakaenda zao wameridhika, na kisa kingeishia hapo. Lakini wamewekwa washuhudie. Kinachowachoma si kupunjwa, maana wamepata walichopatana. Wanasema: "umewasawazisha na sisi". Hicho ni kijicho, na makanisani kimejaa. Waliobeba mawe ya msingi wa kanisa wanamwona aliyejiunga juzi akichaguliwa mzee wa kanisa, na ibada yote ya siku ile inawatumbukia nyongo.

Hapa nasisitiza jambo moja, kwa kuwa nimesikia likipotoshwa. Mwenye shamba anauliza kama si halali kwake kutumia vilivyo vyake apendavyo. Wapo waajiri wanaolipenda swali hilo. Wasome tena: uhuru wake wote aliutumia kuongeza. Hakuna aliyepokea pungufu ya makubaliano, hata wale walalamishi. Anayekalia ujira wa mfanyakazi wake hana pa kujishika katika mfano huu.

Mgawanyo wa sura umetuficha kitu. Mfano huu ni jibu. Katika 19:27 Petro amemwuliza Yesu: sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi? Yesu hamkaripii. Anamwahidi thawabu kubwa, kisha anamsimulia habari za vibarua. Petro ni mtu wa alfajiri. Na somo halikuingia upesi, kwani katika 20:20 mama yao wana wa Zebedayo anakuja kuwaombea wanawe viti, mmoja kuume na mmoja kushoto, na wale kumi wengine wanakasirika.

Ukiongoza somo hili kwenye jumuiya, anzia 19:27 uishie 20:28 kwa mkupuo mmoja. Mpe mtu mmoja maneno ya Petro, mwingine maneno ya vibarua, na mwingine ya mama huyo. Usomaji wenyewe hauchukui hata dakika kumi, na mjadala hauhitaji kuchochewa.