Mashine ya ATM haiijui namba yako ya siri

Mwisho wa mwezi, foleni za ATM katikati ya jiji la Mwanza zikirefuka, maneno ni yale yale: "Hawa watu wa benki namba zetu za siri wanaziona zote." Sisi tunaosimamia usalama wa mashine hizi lawama hiyo tumeizoea, na wala sishangai. Mteja anaona kioo, vibonye na mdomo wa kutolea pesa. Ya nyuma ya ukuta hajaonyeshwa na mtu. Kukufungulia mashine siwezi, ila kukueleza naweza.

Tuanze na vibonye. Hicho kibao cha chuma chenye namba ni kifaa kinachojitegemea, na ndani yake kuna funguo za siri za kihesabu. Ukibonyeza tarakimu zako nne, kibao kinazifumba hapo hapo kabla hazijaenda kokote. Kompyuta ya ATM inapokea fumbo tu na kulituma benki, ambako linahakikiwa ndani ya kifaa kingine kilichofungwa, kisichomwonyesha mfanyakazi yeyote kilichomo. Kinachorudi ni ndiyo au hapana. Zile nyota nne kwenye kioo zipo kwa sababu kompyuta yenyewe haina kingine cha kuonyesha. Na mtu akikichokonoa kibao kwa bisibisi, kinafuta funguo zake, na hakifanyi kazi tena mpaka kiwekewe nyingine.

Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000, na kwa kawaida ukikosea mara tatu kadi inazuiwa. Inatosha, mradi usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Pochi ikiibwa ikiwa na kadi ya benki na kitambulisho cha NIDA pamoja, mwizi hahitaji jaribio la pili. Kwa nini nne? ATM ya Barclays iliyozinduliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, haikutumia hata kadi. Mteja aliingiza hundi ya karatasi iliyotiwa kaboni 14, yenye mionzi hafifu, ili mashine iitambue. John Shepherd-Barron, aliyeibuni, alisimulia kwamba alifikiria tarakimu sita, mkewe akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu. Nne zikabaki.

Chini ya kompyuta kuna sefu, imefungwa kwa bolti kwenye zege, na kufuli lake ni tofauti na la sehemu ya juu yenye kompyuta: fundi anayekuja kubadilisha karatasi za risiti hawezi kugusa hata shilingi. Ndani ya sefu kuna makasha ya noti, mara nyingi manne, na kasha moja linaweza kubeba noti zaidi ya 2,000. Zidisha mwenyewe, mimi sitapiga hesabu hiyo hadharani.

Noti zinachomolewa moja moja, na kihisi kinapima unene wa kila moja. Mbili zikishikana, zinatupwa kwenye kasha la noti zilizokataliwa na hazihesabiwi kwako. Ule mkwaruzo unaousikia kabla pesa hazijatoka ndiyo kazi yenyewe. Mkwaruzo huo ukiendelea kuliko kawaida, huenda kuna noti zimekataliwa na mashine inachomoa nyingine. Ndiyo maana noti iliyoshinda mwaloni Kirumba, imelowa, imekunjwa mara nne na ina gamba la sangara, haiingizwi kwenye kasha la ATM. Tunazichambua kwanza, na ni kazi inayochosha kuliko watu wanavyodhani.

Kuvunja sefu ni kazi ngumu na yenye kelele. Namba nayo haipatikani kwenye mashine. Kwa hiyo mwizi mwenye akili anaiacha mashine na kukutafuta wewe, pale mdomoni mwa kadi.

Njia ya kwanza ni kunakili kadi. Ule mstari mweusi wa sumaku nyuma ya kadi ni kama maandishi ukutani: yeyote apitaye husoma. Mwizi hubandika kipande cha plastiki chenye kisomeo juu ya mdomo halisi, na kamera ndogo inayotazama vibonye. Chipu, kile kipande kidogo cha chuma mbele ya kadi, ndiyo iliyombana, kwa sababu kwa kila muamala inatoa jibu jipya, na jibu la jana leo halifanyi kazi. Lakini mstari bado upo kwenye kadi nyingi. Kwa hiyo shika mdomo wa kadi uutikise. Ulio halali hauchezi. Kisha funika mkono wako wa kubonyeza kwa mkono mwingine, hata ukiwa peke yako, maana kamera haisimami kwenye foleni.

Njia ya pili hainakili chochote. Kipande chembamba cha plastiki kinawekwa ndani, kadi inanasa. Anatokea kijana mwenye heshima zake: "Pole mama, hata mimi ilinifanyia hivi. Weka namba tena, itarudi." Anasoma vidole vyako, unaondoka kwenda kulalamika, yeye anaivuta kadi. Mashine haina utaratibu wa kurudisha kadi kwa kuwekewa namba tena. Haupo. Usiondoke hapo, piga simu benki kadi izuiwe. Namba ya benki ihifadhi kwenye simu leo, kwa sababu siku hiyo ile iliyochapwa nyuma ya kadi itakuwa imemezwa pamoja na kadi, na namba iliyobandikwa ukutani inaweza kuwa ya mwizi.

Kadi kutoka kabla ya pesa kulifanywa makusudi. Watu wakishapata pesa huondoka na kusahau kadi.

Kuna pia pesa kunasa: salio limekatwa, noti hazionekani. Mwizi anaweza kuwa amebandika kipande mbele ya mdomo wa pesa, au noti zimekwama tu. Kaa hapo, angalia, piga simu. Mashine huandika kila tukio: saa, noti zilizochomolewa, mdomo ulifunguka au la. Wakati wa kujaza, pesa zilizobaki hulinganishwa na kumbukumbu hiyo, na ziada huonekana.

Kama umetumia ATM ya benki nyingine, kwa mfano kupitia UmojaSwitch, mtandao unaounganisha ATM za benki mbalimbali, malalamiko peleka benki iliyokupa kadi, siyo yenye mashine. Aliyetoka Ukerewe kwa meli asipoteze siku nzima kwenye tawi lisilo lake. Nenda na tarehe, saa, kiasi na namba ya mashine. Namba hiyo huwa kwenye risiti. Karatasi zikiwa zimeisha, itafute kwenye kibandiko cha mashine na uipige picha, maana mashine mbili zilizopakana ukutani zina kumbukumbu mbili tofauti.