Ukumbi wa Sauti Katika Studio za Filamu: Maana na Historia Yake

Ukumbi wa sauti ni jengo kubwa lisilo na dirisha hata moja, ambamo picha za filamu hupigwa na maneno ya waigizaji hunaswa papo hapo, kwa wakati uleule. Ukiliangalia kwa nje halina tofauti na ghala. Kinacholitenga na ghala ni kazi mbili: kuzuia sauti za nje zisiingie, na kuzuia sauti ya ndani isigonge ukuta ikarudi kama mwangwi. Watu wengi huzichanganya kazi hizi, ilhali kila moja ina dawa yake. Kelele ya nje huzuiwa kwa kuta nzito zilizojengwa mbilimbili na kuachiwa nafasi ya hewa katikati, na mwangwi hupunguzwa kwa kuziwamba kuta hizo upande wa ndani kwa vitu laini vinavyomeza sauti. Ukuta mzito wa zege mtupu utafanya kazi ya kwanza vizuri sana na kuiharibu kabisa ya pili.

Majengo ya kwanza ya filamu hayakuhangaika na kelele hata kidogo, kwa kuwa tatizo lao lilikuwa mwanga. Kibanda cha Thomas Edison kilichojengwa mwaka 1893 huko West Orange, New Jersey, kilikuwa na paa linalofunguka, nacho kiliweza kuzungushwa kizima juu ya reli ili kulifuata jua. Mwaka 1897 Georges Méliès, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, alijenga studio ya kuta na paa za vioo huko Montreuil, karibu na Paris, na kule California majukwaa mengi yalikuwa wazi, yakiwa yametandazwa vitambaa vyepesi juu ili kulainisha mwanga wa jua. Mwongozaji aliweza kumpigia kelele mwigizaji kamera ikiwa inazunguka, na seremala wa seti ya jirani akaendelea kugonga misumari. Kulikuwa hata na wanamuziki waliopiga ala pembeni ili kuwatia waigizaji hisia za onyesho.

Hali hiyo ilianza kuvunjika tarehe 6 Oktoba 1927, siku ambayo kampuni ya Warner Bros. ilionyesha kwa mara ya kwanza filamu ya The Jazz Singer. Sehemu kubwa ya filamu hiyo bado ilikuwa bubu, lakini nyimbo zake na maneno machache yaliyosikika yalitosha kuwashawishi wenye studio kwamba watazamaji hawatarudi nyuma. Studio za vioo ziligeuka mzigo mara moja, kwa sababu kioo chembamba hupitisha sauti ya nje na papo hapo hurudisha ya ndani. Kati ya mwaka 1928 na 1929 Hollywood iliingia katika ujenzi wa haraka wa kumbi mpya, na kumbi za zamani zilizofaa zilifanyiwa marekebisho. Kampuni ya Paramount ilipata pigo mapema mwaka 1929 pale ukumbi wake mpya ulipoteketea kwa moto kabla ya kukamilika. Ikalazimika kupiga picha usiku, wakati magari yamepungua barabarani, ndani ya kumbi za filamu bubu zilizotundikwa mablanketi.

Kuufunga mlango, hata hivyo, kulifichua kelele zilizokuwa ndani siku zote. Taa za tao la umeme, yaani zile ambazo mwanga wake hutokana na umeme unaoruka kati ya ncha mbili, zilizotumika wakati huo zilivuma na kutoa mlio ambao kipaza sauti kiliunasa, zikabadilishwa kwa taa za waya unaowaka. Taa hizo zilikuwa kimya lakini zilitoa joto kali ndani ya jengo lisilo na upenyo, na feni zisingeweza kuwashwa kwa kuwa nazo zina sauti. Kamera yenyewe ilikuwa ikikereza kama cherehani, kwa hiyo ilifungiwa pamoja na mpiga picha ndani ya kibanda chenye dirisha la kioo. Kamera iliyofungiwa haitembei, na waigizaji hawakuthubutu kwenda mbali na kipaza sauti kilichofichwa kwenye seti. Ugumu unaoonekana katika filamu nyingi za miaka hiyo miwili ulitokana na hali hiyo, na kwa maoni yangu si haki kuwalaumu waongozaji peke yao. Nafuu ilikuja pale kamera zilipotengenezewa magamba ya kuzuia sauti na kipaza sauti kilipoanza kuning'inizwa kwenye mti mrefu juu ya vichwa vya waigizaji.

Ulaya nayo haikukaa nyuma. Mwaka 1929 kampuni ya UFA ya Ujerumani ilijenga huko Babelsberg kumbi nne za matofali zilizopangwa kwa umbo la msalaba. Italia ilichukua njia nyingine. Studio za Cinecittà zilifunguliwa mwaka 1937, lakini kwa miongo mingi filamu nyingi za nchi hiyo zilirekodiwa sauti baadaye, waigizaji wakiingiza maneno mbele ya picha iliyokwisha pigwa. Mahali penye desturi hiyo, ukimya wa ukumbi si jambo la kufa na kupona.

Taratibu zilizozaliwa zama zile zingali hai. Kabla ya kamera kuanza, kengele hulia, taa nyekundu huwaka nje ya mlango na mitambo ya kupoza hewa huzimwa. Sakafu huwa ya mbao ili seti zipigiliwe misumari, na juu kabisa, chini ya paa, kuna njia nyembamba ambazo mafundi wa taa hupita.

Tangu mwaka 2019, baada ya mfululizo wa televisheni wa The Mandalorian, baadhi ya kumbi zimewekewa kuta za skrini za LED zinazoonyesha mandhari nyuma ya waigizaji. Skrini hizo ni ngumu na mara nyingi hupangwa kwa kupinda, kwa hiyo hurudisha sauti na kuielekeza katikati, palepale mwigizaji anaposimama. Wahandisi wa sauti wanalazimika tena kupambana na mwangwi, safari hii bila ruhusa ya kuufunika ukuta.