Kwa nini mapunye huwa na umbo la duara?

Mtoto ametoka kwa kinyozi, na hapo utosini limeonekana duara: ukingo umevimba na unawasha, katikati pamekauka. Mapunye hayo. Kenya wapo wanaoyaita mashilingi, na ukiyatazama huhitaji kuuliza sababu. Waingereza huyaita mnyoo wa pete, ingawa mnyoo hamna kabisa.

Aliyemo ni fangasi, tena wa jamii yenye mlo mmoja: keratini, protini inayojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Chakula hicho kimekwisha kufa, ndiyo maana kwa kawaida hazami mwilini. Hukaa juu juu, kama mchwa kwenye ukuni.

Huanza mahali padogo, pengine palipoguswa na kitana cha mwenzake. Kutoka hapo nyuzi zake hutambaa pande zote kwa mwendo unaokaribiana, basi linatokea duara. Fikiria moto wa nyika: ukiwashwa katikati ya majani makavu, husogea nje na kuacha jivu nyuma. Kinga ya mwili nayo huamka kupambana, na kule fangasi alikotangulia kupita ngozi huanza kupona. Moto uko ukingoni. Kwa hiyo mtu wa maabara hukwangua ukingo, si katikati, na dawa ya kupaka hupakwa mpaka kuuvuka ukingo wenyewe.

Kichwani kuna ugumu zaidi. Fangasi huufuata unywele hadi kwenye kishimo unakoota, ambako krimu haifiki. Nywele hukatika, kikabaki kibaraza cha upara. Hapo ni vidonge, kwa majuma kadhaa. Griseofulvini, dawa iliyopatikana mwaka 1939 kutoka kwa kuvu wa jamii ya Penicillium, huingia kwenye unywele unapoundwa, ukachomoza tayari umekingwa. Kuvu kwa kuvu! Kucha ndizo zinazochosha: ya dole gumba la mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya yote.

Ila zipo krimu za kuogopa hapa, zile zenye steroidi, ambazo watu hujinunulia kwa kila muwasho. Muwasho hutulia kweli, uvimbe ukashuka, kwa sababu kinga imelazwa usingizi. Fangasi huendelea kula. Duara hupoteza umbo lake, na hata daktari akiletewa ngozi hiyo anaweza asiyatambue mapunye.