Tela la kulalia: anza na gari yako, sio na tela

Siku hizi hapa karakana ya chuo, Tanga mjini, watu wanakuja sana kuulizia matela ya kulalia, yale yenye kitanda na jiko ndani, mtu anataka alivute mpaka Ushongo na familia au apande nalo Lushoto akale baridi. Swali la kwanza huwa bei. Nikimuuliza gari yako inaruhusiwa kuvuta kilo ngapi ananijibu "hiyo ni sisi elfu tatu mwalimu, inavuta chochote".

Hapana jamani. Sisi (cc) ni ukubwa wa injini tu. Uzito wa kuvuta kaupanga aliyetengeneza gari, kaangalia chasisi, breki, gia na rejeta, na umeandikwa kwenye kitabu cha gari, tena namba mbili: tela lenye breki zake na tela lisilo na breki. Hilux nyingi mpya za dizeli zinazouzwa Uingereza zinaruhusiwa kilo 3,500 tela likiwa na breki, lisilo na breki kilo 750 tu, na gari ni ileile! Kama kitabu cha gari yako hakisemi kitu, mimi nahesabu haikutengenezwa kuvuta, hata kama fundi wa kuchomelea anakuhakikishia.

Halafu muuzaji atakutajia uzito wa tela tupu, tuseme kilo 900. Weka maji lita 100, hizo ni kilo 100 tayari, ongeza mtungi wa gesi, betri, friji, jenereta, na gunia la mkaa maana mtu wa Tanga haendi baharini bila mkaa wa kuchomea samaki, ukija kushtuka uko 1,200. Kwa hiyo soma kibao cha tela kinachoonyesha mwisho wa uzito wake likishapakiwa, hiyo ndo namba ya kulinganisha na gari, na usiifikishe gari kwenye kikomo kama safari zako ni za mlimani.

Kinachowaponza wengi ni pua, pale tela linapokalia lile goroli la nyuma ya gari. Matela ya Kimarekani pua inatakiwa ibebe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, ya Uingereza huwa 5 mpaka 7 hivi, na kilo hizo ni mzigo wa gari, unazijumlisha na watoto, mama mkwe na mabegi. Pua ikiwa nyepesi tela linaanza kuchezesha mkia, na ule mteremko wa Soni kushuka Mombo una kona hazina huruma. Kuna mzee alituletea lake la Uingereza, kilo 1,100 na mzigo wake, anasema linamvuta usukani. Tukaazima mzani wa magunia kwa muuza mahindi, tukaegesha pasipo na mwinuko, tukateremshia pua juu ya gogo: kilo 30! Jenereta na madumu ya maji kayapanga nyuma kabisa, tukayasogeza mbele ya ekseli ikaja 75, akaondoka kanyooka.

Likiwa la mtumba bonyeza kuta kwa dole gumba, hasa kwenye pembe na chini ya madirisha, ukikuta panabonyea ujue maji yameingia na mbao imeoza, usidanganyike na rangi mpya. Ingia na uvunguni, hewa yetu ya chumvi inakula chasisi isiyochovywa zinki. Tairi usiangalie kashata tu, tela linakaa sana mpira unazeeka umesimama, tafuta namba nne za mwisho pembeni, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, hiyo badilisha.

Na mlango. La Uingereza mlango uko kushoto kama tunavyoendesha sisi, la Marekani uko kulia, ukisimama pembeni ya barabara ya Segera watoto wanashukia upande wa malori.